Krismasi Thelujini: Uliza Kwanza Uwanja wa Watoto Uko Mita Ngapi

Familia inayopanga kwenda kuteleza kwenye theluji wakati wa Krismasi kwa kawaida huanza na jina. Mtoto anarudi kutoka shuleni Birmingham, Oslo au Munich akisema wenzake wanakwenda Zermatt au Kitzbühel. Mzazi anashika simu, anaona picha za milima myeupe, anatafuta bei. Baada ya jina hufuata ukubwa: kituo kina kilomita ngapi za njia, lifti ngapi, na kilele chake kimefika wapi. Makala haya yanashauri kuanza upande mwingine kabisa. Kwa familia yenye watoto ambao hawajawahi kuvaa skii, au waliovaa mara moja tu, swali linaloamua karibu kila kitu ni hili: uwanja atakaojifunzia mtoto uko mita ngapi kutoka usawa wa bahari? Mwinuko wa kilele na wa hoteli utaulizwa baadaye. Huu wa uwanja ndio wa kwanza.

Sababu yake haina siri. Aliyewahi kusimama Moshi kwenye jua kali akatazama weupe wa kilele cha Kibo anajua kwamba joto hupungua kadiri unavyopanda. Kwa wastani hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Chukua Kitzbühel ya Austria, mji maarufu ulioko mita 760 hivi, uuweke kando ya Val Thorens ya Ufaransa, iliyoko mita 2,300, kituo kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Kati yao kuna zaidi ya mita 1,500, yaani nyuzi 10 hivi. Siku ileile, chini ya wingu lilelile, mji wa chini unaweza kuwa na nyuzi 4 na manyunyu ya mvua, huku kule juu kukiwa na nyuzi 6 chini ya sifuri na theluji ikianguka. Hasara ya mvua haiishii siku inayonyesha. Inayeyusha theluji iliyokuwepo, na usiku ukiwa wa baridi, uwanja unaamka ukiwa barafu tupu ambayo hata mwalimu hapendi kumpitisha mtoto wa miaka mitano.

Hoja hii ina uzito Krismasi kuliko Februari kwa sababu theluji ya milimani ni kama akiba ya benki: inawekwa kidogo kidogo tangu Novemba, na kituo kinaishi kwa kile kilichokwisha kuwekwa. Februari akiba imejaa, na wiki moja ya joto haiimalizi. Krismasi bado ni changa, hivyo siku tatu za mvua zinatosha kuifuta. Mambo hayaelekei kuwa mepesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopitia kumbukumbu za vituo 11 vya hali ya hewa vya Uswisi kati ya mita 1,139 na 2,540, ulionyesha kwamba kufikia 2015 msimu wa theluji ulikuwa unaanza siku 12 baadaye kuliko mwaka 1970, na kuisha siku 26 mapema. Siku hizo 12 za mwanzo ndizo zinazokula Desemba. Anayetaka ushahidi wa karibu zaidi akumbuke mwisho wa 2022. Tarehe 1 Januari 2023 mji wa Delémont, Uswisi, ulifika nyuzi 20.2. Vituo kadhaa vya chini katika Alps vilifunga lifti katikati ya likizo, na wiki iliyofuata mashindano ya Kombe la Dunia la skii huko Adelboden yalifanyika juu ya utepe mweupe wa theluji ya mashine uliozungukwa na majani ya kahawia. Waliokuwa wamelipia wiki ya Krismasi kwenye vijiji vya mita 1,000 walitembea matopeni.

Hapa kuna jambo ambalo watangazaji wa safari hawalisemi, ingawa wanalijua vizuri. Theluji ikipungua, anayeumia kwanza ni mtoto anayeanza. Mtelezaji mzoefu hupanda lifti hadi mita 2,500, akateleza huko juu mchana kutwa, kisha akashuka kwa gari la waya. Mtoto hawezi. Uwanja wake mara nyingi uko pembeni mwa kijiji, mahali pa chini kuliko pote, kwa sababu ndipo penye ardhi ya tambarare kidogo na ndipo wazazi wanapofika kwa miguu. Kwa hiyo kituo kinaweza kutangaza bila kusema uongo kwamba asilimia 70 ya njia zake ziko wazi, na wakati huohuo watoto wakawa wanapakiwa kwenye basi kila asubuhi kwenda bonde jingine kutafuta uwanja. Namba kubwa iliyo kwenye tangazo, ile inayosema mita 3,000, humfaa baba aliyeteleza miaka 15. Kwa binti yake wa miaka sita haina maana yoyote.

Namba hiyo ina mtego wa pili. Vituo vikubwa vya Ufaransa huuza jina moja linalobeba vijiji vingi. Trois Vallées, yenye kilomita 600 za njia, inajumuisha Val Thorens ya mita 2,300, lakini pia Méribel ya mita 1,450 na Brides-les-Bains ya mita 600, ambako theluji barabarani wakati wa Krismasi ni bahati. Tignes ya mita 2,100 ina kijiji chake kingine, Les Brévières, kilichoko 1,550. La Plagne inaanzia 1,250 pale Champagny na kufika 2,100 pale Aime 2000. Bei ya nyumba inayokushangaza kwa unafuu mara nyingi inatoka kwenye kijiji cha chini kinachobeba jina la cha juu. Kabla ya kulipa, tafuta jina la kijiji chenyewe, ulitazame kwenye ramani yenye mistari ya mwinuko.

Basi mahali gani panapita mtihani huu? Kwa Krismasi kipimo salama ni uwanja wa watoto ulioko mita 1,800 au zaidi, na ukigusa 2,000 ni bora. Cha kwanza cha kufikiria ni Obergurgl, Austria. Kijiji kiko mita 1,930, msimu huanza katikati ya Novemba, na kutoka uwanja wa ndege wa Innsbruck ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari. Karibu zaidi na Innsbruck kuna Kühtai, mita 2,020, kijiji kidogo ambacho wanaopenda majina makubwa hawakijui. Njia zake zote hazifiki hata kilomita 50, na kwa familia inayoanza hilo ni faida, kama itakavyoonekana kwenye suala la bei. Upande wa Italia kuna Cervinia, mita 2,050, yenye uwanja mwingine wa wanaoanza juu zaidi, Plan Maison, mita 2,555, na miteremko mipana isiyotisha. Livigno iko 1,816, katika bonde linalojulikana kwa baridi yake, na ni eneo lisilotozwa ushuru wa kawaida, jambo linaloonekana kwenye bei ya mafuta ya gari. Tatizo lake ni umbali, kwani viwanja vya ndege vyote viko mbali na watoto hutapika kwenye kona. Ufaransa ina Val Thorens na Tignes, zenye theluji ya uhakika lakini pia foleni ndefu za magari Jumamosi, siku ambayo karibu nyumba zote za kupanga hubadilisha wageni.

Kuna aina nyingine isiyopaswa kutupwa: kijiji cha chini chenye uwanja wa watoto uliowekwa juu. Mayrhofen ya Austria iko mita 630 tu, lakini wanaoanza hupandishwa kwa gari kubwa la waya hadi mlima Ahorn, karibu mita 1,965. Zermatt iko 1,620, na treni ya chini kwa chini inapanda hadi Sunnegga, mita 2,288, kwenye uwanja wa watoto. Mpango huu unafanya kazi, na ndiyo maana swali ni mwinuko wa uwanja, si wa kijiji. Ila uhesabu gharama yake ya kila siku: mtoto wa miaka minne, skii zake, skii zako, foleni ya saa tatu asubuhi, na safari nyingine ya kushuka pale anapotaka kwenda chooni. Mwenye watoto wakubwa ataona ni jambo dogo. Mwenye wa miaka minne atafute kijiji ambacho uwanja uko hatua 200 kutoka mlangoni.

Wengi watajibu kwamba siku hizi theluji inatengenezwa, hivyo mwinuko umepitwa na wakati. Ni kweli kwamba hakuna kituo kikubwa cha Alps kisicho na mizinga ya theluji, na kwamba mizinga hiyo imeokoa Krismasi nyingi. Lakini mashine hizo hazitengenezi baridi. Zinapuliza maji kwa hewa iliyoshindiliwa ili yagande yakiwa angani, na kwa hilo zinahitaji hewa iliyo nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, na unyevu ukiwa mwingi zinahitaji baridi kali zaidi. Wiki ya joto ndiyo wiki unayozihitaji, na ndiyo wiki ambayo hazifanyi kazi. Mwaka 2023 jarida la Nature Climate Change lilichapisha uchunguzi wa vituo 2,234 vya Ulaya. Dunia ikipanda joto kwa nyuzi 2, asilimia 53 ya vituo hivyo vitakuwa katika hatari kubwa sana ya kukosa theluji ya asili. Mashine zikifunika nusu ya eneo, kiwango hicho kinashuka hadi asilimia 27. Kwa hiyo mashine zinasaidia, tena sana, lakini bado zaidi ya robo ya vituo vinabaki hatarini. Mashine na mwinuko ni washirika: mizinga iliyoko mita 2,000 hupata usiku mwingi wa kufanya kazi mwezi Novemba, na iliyoko mita 800 hupata mchache.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na halipaswi kujibiwa kwa haraka. Juu kuna baridi kali na upepo. Miti ya Alps huishia kati ya mita 2,000 na 2,200, na juu ya hapo hakuna kinachozuia upepo wala kinachompa mtelezaji alama ya kuangalia ukungu unaposhuka. Siku ya dhoruba Cervinia inaweza kufunga lifti zake za juu zote, na Val Thorens ikawa weupe mtupu ambamo juu na chini havitofautiki. Mtoto aliyezaliwa Mombasa au Muscat, au aliyezaliwa London na wazazi wanaoona nyuzi 10 kuwa baridi ya kuua, anaweza kulia kwa uchungu wa vidole katika saa ya kwanza na asitake tena mchezo huu. Haya yote ni kweli. Lakini uwanja wa watoto haupo kileleni. Obergurgl na Livigno viko karibu na mpaka wa miti, na uwanja wenyewe umejikinga chini ya milima. Lifti za juu zinapofungwa kwa upepo, ukanda mdogo unaotembea wa kuwapandisha watoto kwa kawaida unaendelea. Pia siku moja ya dhoruba ndani ya wiki ni hasara ya siku moja, na mara nyingi inaacha theluji mpya ya siku tatu zijazo. Uwanja usio na theluji ni hasara ya wiki nzima. Kuhusu vidole, dawa yake inajulikana: glavu za mfuko mmoja badala ya zile zenye vidole, soksi moja nene badala ya mbili zinazobana damu, na kurudi ndani kila baada ya saa moja na nusu, mtoto atake asitake.

Wengine wanalalamika kwamba vijiji vya juu havina sura ya Krismasi. Val Thorens na Tignes zilijengwa kwa zege miaka ya 1960 na 1970, na hakuna anayezisifu kwa uzuri. Anayetaka kanisa la kijiji, kengele na Misa ya usiku wa tarehe 24 anaweza kuvipata Obergurgl au Zermatt bila kushuka bondeni. Familia za Kiislamu, ambazo kwao hizi ni siku za likizo tu, hazina sababu ya kulipia mapambo. Kwao nyumba ya kupanga yenye jiko ni muhimu kuliko mandhari, kwa sababu nyama ya halali ni nadra vijijini humo, na ni rahisi zaidi kuinunua Innsbruck, Geneva au nyumbani kabla ya kupanda. Jiko linawafaa Wakristo pia. Chakula cha mchana cha mkahawa wa mlimani kwa watu wanne, siku sita, kinaweza kushindana na tiketi za lifti.

Na bei? Ni kweli kwamba mita hulipiwa, na wiki ya Krismasi kwenye kituo cha juu hugharimu zaidi ya wiki hiyohiyo kwenye kijiji cha chini. Lakini wazazi wengi hulipa fedha nyingi mahali pasipohitajika. Wanaoanza hutumia wiki nzima kwenye njia ambayo pengine haizidi kilomita mbili. Kumnunulia mtu huyo tiketi ya kilomita 600 ni kutupa pesa. Vituo vingi huuza tiketi ndogo ya eneo la wanaoanza, na baadhi ya lifti za uwanja wa watoto ni za bure. Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi lifti katika vituo vingi vya Ufaransa. Ndiyo maana Kühtai, yenye njia chache na mwinuko mkubwa, inaweza kuishinda bei ya kituo mashuhuri cha chini. Kisha angalia kalenda. Wiki ghali na iliyojaa ni ile ya kuanzia tarehe 26 Desemba hadi Mwaka Mpya. Wiki inayoishia Krismasi au inayoibeba katikati kwa kawaida ni nafuu na ina foleni fupi, kwa sababu Wazungu wengi hupenda kula chakula cha Krismasi nyumbani kwanza. Skii na viatu vyake kodi, usinunue, maana miguu ya watoto haisubiri msimu ujao. Suruali na makoti ya theluji azima, tafuta mitumba, au subiri maduka kama Lidl na Aldi yanapoyaweka sokoni kila mwanzo wa baridi. Kofia ngumu usiibanie pesa.

Kanuni ya mwinuko ina tofauti moja kubwa, nayo ni kaskazini. Huko Norwei, Sweden na Ufini, latitudo inafanya kazi ya mita. Trysil ya Norwei na Sälen ya Sweden ziko chini sana ukilinganisha na Obergurgl, lakini baridi yao ya Desemba ni ya kutegemewa zaidi kuliko ya Alps, miteremko ni ya upole, na tangu Desemba 2019 pana uwanja wa ndege kati yao. Kwa maelfu ya familia za Kikongo, Kirundi na Kitanzania zinazoishi Skandinavia, kwenda Alps Krismasi ni kuliacha jibu nyumbani. Cha kujua ni giza. Trysil mwishoni mwa Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa saa sita, na Levi, Lapland ya Ufini, jua halichomozi kabisa siku hizo, hivyo watu huteleza chini ya taa. Wapo watoto wanaofurahia hali hiyo, na wapo wanaochoka kufikia saa nane mchana.

Walioko Ghuba wana njia yao. Kutoka Dubai na Doha kuna ndege za moja kwa moja hadi Tbilisi, Georgia, na Gudauri, saa mbili hivi kwa gari kutoka mji huo, iko karibu mita 2,000 hadi 2,200 na lifti zake zinapita 3,200. Gharama zake ni ndogo kuliko za Alps, ila hakuna mti hata mmoja wa kukinga upepo. Colorado ina theluji na bei za kutisha: tiketi ya siku moja ya Vail wakati wa sikukuu imevuka dola 300, na kijiji cha Breckenridge kiko mita 2,926, juu mno kwa kulala usiku wa kwanza na mtoto mdogo. Na anayeuliza kutoka Dar es Salaam kama hakuna kitu karibu, Afriski ya Lesotho iko juu ya mita 3,000, lakini msimu wake ni Juni hadi Agosti. Desemba huko ni kiangazi.

Mwinuko unaosaidia theluji unaweza kuwadhuru baadhi ya watu, na hapa wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya kuwa waangalifu kuliko waandishi wa vitabu vya utalii vya Ulaya wanavyodhani. Ugonjwa wa selimundu umeenea Afrika Mashariki na Kati. Kwa mwenye ugonjwa huo, baridi kali na hewa yenye oksijeni pungufu ni vichocheo vinavyojulikana vya maumivu makali. Hata anayebeba vinasaba vyake tu bila kuugua, ambaye huenda hajui kabisa, yumo kwenye kumbukumbu za kitabibu za watu walioumia wengu wakiwa kwenye miinuko mikubwa. Kama kuna historia ya selimundu katika familia, mpimwe na mzungumze na daktari kabla ya kulipa chochote, na mkiruhusiwa, laleni kijiji cha chini, telezeni kwenye mita za kadiri, na muachane na magari ya waya yanayofika 3,883 kama lile la Zermatt. Mtoto mchanga naye hana haja ya kupandishwa huko kwa ajili ya picha. Jua pia lisidharauliwe kwa kisingizio cha ngozi nyeusi. Miale yake huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 yake kwenda usoni. Macho hayana weusi wa kuyakinga, na miwani ni lazima kwa kila mmoja.

Mwinuko ukishapatikana, kinachofuata ni shule. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuanza, na shule ya Kifaransa ya ESF, yenye walimu wa makoti mekundu, ina madarasa ya umri huo yaitwayo Piou-Piou. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyeiwakilisha nchi hiyo katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018, alihamia Austria akiwa mdogo wa umri huohuo. Hata hivyo kwa watoto wengi miaka mitano au sita huleta machozi machache. Uliza kundi lina watoto wangapi, kwa maana Krismasi makundi huvimba, na 12 ni wengi mno kwa wanaoanza. Uliza pia lugha ya mwalimu, na kama watoto hulishwa na kuangaliwa mchana, jambo ambalo shule nyingi za Austria hulifanya vizuri. Jua kwamba Ufaransa njia rahisi kabisa ni za kijani, na Austria, Uswisi na Italia hazina kijani, zinaanzia buluu. Na kabla ya yote hayo, mpe mtoto saa mbili kwenye theluji ya ndani. Ski Dubai ipo tangu 2005, Uingereza kuna Milton Keynes na Hemel Hempstead, Uholanzi kuna Landgraaf. Akichukia huko, umeokoa nauli ya wanne.

Limebaki suala la wakati. Wapo wanaosema ni busara kusubiri hadi katikati ya Desemba, uone theluji ilipo, ndipo ulipe. Kwa anayeishi Munich au Zürich, mwenye gari na pasipoti au kibali cha Ulaya, ushauri huo ni mzuri, na unaweza hata kumruhusu kwenda kijiji cha chini mwaka wenye theluji nyingi. Kwa wengine wengi haufai. Nafasi za shule za watoto wadogo huisha mapema. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anayeishi Uingereza anahitaji viza ya Schengen, ambayo ombi lake hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, kwa yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Bima ya yuro 30,000 inayodaiwa kwenye viza ni ya matibabu, nayo si lazima ilipie helikopta ya kukutoa mlimani. Kadi ya afya ya Uingereza kwa Ulaya hailipii uokoaji huo. Ongeza bima ya theluji inayouzwa pamoja na tiketi ya lifti, kama Carré Neige ya Ufaransa, au uinunue nyumbani. Italia imeifanya bima ya kuwalipa unaowagonga kuwa lazima tangu 2022.

Anayelazimika kulipa mapema ndiye anayeuhitaji mwinuko zaidi, kwa kuwa analipa bila kuona theluji. Mpigie simu mwenye shule ya watoto, si mwenye hoteli, umuulize mambo mawili: uwanja wenu uko mita ngapi, na tarehe 24 Desemba za miaka mitatu iliyopita ulikuwa wazi? Kamera za vituo vingi huhifadhi picha za nyuma, hivyo jibu lake unaweza kulihakiki mwenyewe siku hiyohiyo. Akikujibu kwa kukutajia urefu wa kilele, shukuru, kata simu, piga kijiji kinachofuata.